Somo: Kumchora mfalme aliyevaa nyeusi, kwa kumfuata Velázquez

Wakuu, nimeulizwa tena na tena kwa nini vazi jeusi kwenye picha zenu linaonekana kama shimo. Naandika mara moja, kwa kirefu. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Mfano wetu ni Felipe IV, mfalme wa Hispania, aliyesimama, picha ya Velázquez iliyoko makumbusho ya Prado, Madrid. Velázquez alipata kazi ya mchoraji wa mfalme mwaka 1623, akiwa na miaka 24. Mfalme alikuwa na 18.

1. Paka kanvasi rangi ya msingi, kahawia iliyofifia. Iache ikauke.

2. Chora umbo zima kwa brashi. Penseli weka kando.

3. Uso. Mwanga utoke upande mmoja. Kidevu kilichochomoza ni cha ukoo wa Habsburg, na Velázquez hakukificha, nawe usikirembe. Kola iwe nyepesi na ya wazi. Mwaka huohuo wa 1623 kola kubwa za marinda zilipigwa marufuku Hispania, na hii ndogo inauacha uso utawale.

4. Vazi. Hapa niliharibu picha ya miezi mitatu. Nilipaka nyeusi tupu kutoka kwenye tyubu, nikaongeza mafuta ya kitani ili ing'ae. Juu ilipokauka nikaweka mikunjo ya kijivu niliyoizimua kwa tapentaini. Haukupita mwaka, kifua chote cha mfalme kikapasuka kama tope la kiangazi. Nyeusi ya mifupa (rangi ya mifupa iliyochomwa, ndiyo ile yangu ya tyubu) inakunywa mafuta mengi na inakauka taratibu sana, kwa hiyo chini ilikuwa bado laini wakati juu pameshakaza.
Basi: tabaka la chini liwe jembamba, mafuta kidogo, nyeusi uichanganye na kahawia ya amba inayokauka upesi. Mafuta yaongezeke kadiri unavyopanda juu, KAMWE si kinyume chake. Na usianze na nyeusi tupu. Anza na kijivu kizito, nyeusi yenyewe iweke kwenye mikunjo ya ndani kabisa, mwishoni.

5. Ukuta na sakafu: usichore mstari wa kuvitenganisha. Kivuli cha miguu kinatosha kumsimamisha mtu.

6. Mikono. Wa kulia karatasi, wa kushoto upanga. Taji hakuna. Mfalme anajulikana kwa utulivu wa kusimama kwake, na hili ndilo linalonifanya niipende picha hii kuliko zote za ikulu.

MASWALI

Chipukizi: Mkuu, nianze na nyeusi ipi?
Jibu: Soma hatua ya 4.

Chipukizi: Nimesoma. Nimeweka nyeusi kwanza, haijakauka wiki ya pili.
Jibu: Nimeandika usianze na nyeusi. Ikwangue, uanze upya.

Binti wa Pwani: Shikamoo mwalimu. Mbona karibu na miguu ya mfalme naona kama kivuli cha miguu mingine?
Jibu: Marahaba, umeona vizuri sana! Ni miguu ya mwanzo, iliyokuwa imeachana zaidi. Baadaye Velázquez aliirudia picha, akaisogeza miguu na kulipunguza joho. Rangi ya mafuta huzidi kupitisha mwanga kadiri miaka inavyokwenda, kwa hiyo cha chini kinachungulia. Tazama pia picha ya mfalme huyohuyo juu ya farasi, miguu ya nyuma ya farasi. Alikuwa anasahihisha hukohuko kwenye kanvasi.

Binti wa Pwani: Na kama sina wa kumchora?
Jibu: Anza na mtu wa karibu. Inasimuliwa kwamba Roma, mwaka 1650, kabla ya kumchora Papa Innocent X, Velázquez alijinoa kwa kumchora Juan de Pareja, mtumwa wake na msaidizi wake. Alimchora kwa heshima ileile ya wakubwa. Mwaka huohuo Pareja aliandikiwa hati ya uhuru, na naye akawa mchoraji. Itafute picha hiyo, uangalie kijivu cha nguo.

Fundi Brashi: Niongeze moja. Matambara yenye mafuta ya kitani msiyarundike, yanaweza kuwaka yenyewe.
Jibu: Kweli kabisa. Yangu nayaloweka kwenye ndoo ya maji nje, kila jioni.