Somo: Kunakili "Vita vya Anghiari" kwa njia ya Rubens kijana

Mchoraji Peter Paul Rubens wa Flandria alikwenda Italia mwaka 1600 akiwa na miaka 22, akakaa hadi 1608 akinakili kazi za Michelangelo, Raphael, Titian na wengineo. "Vita vya Anghiari", picha ya ukutani aliyoianza Leonardo da Vinci katika ukumbi mmoja mjini Florence mwaka 1505, hakuwahi kuiona. Mchoraji Vasari alishazijaza kuta za ukumbi ule picha zake kabla Rubens hajazaliwa. Alichopata ni mchoro wa kuinakili picha hiyo, wa Mwitaliano asiyejulikana wa karne ya 16. Akaupachika kwenye karatasi kubwa zaidi, akarefusha kingo, kisha akaufanyia kazi upya. Leo uko katika makumbusho ya Louvre, Paris, takriban sm 45 kwa 64. Sisi tutafanya nusu ya kipimo hicho.

Vifaa: karatasi ya A3 ya gramu 200 au zaidi, chaki nyeusi, kalamu ya nibu, wino wa kahawia usioyeyuka ukishakauka, guashi nyeupe (rangi ya maji nzito isiyopenya mwanga), brashi za duara namba 2 na 6, vikombe vitatu.

1. Bandika kingo za karatasi kwenye ubao kwa mkanda wa karatasi wenye gundi. Paka rangi ya maji ya kahawia, nyepesi, mara moja. Huo ndio mwanga wa kati, kati ya kivuli na nyeupe. Wanaoruka hatua hii hufika mwisho hawana pa kuweka nyeupe.

2. Chora fremu ya sm 32 kwa 22.5. Miraba ya sm 4 itakupa minane kwa upana, mitano na kitu kwa kimo.

3. Kwa chaki, anza na fundo zima la wapanda farasi wanne. Nyuso ziache kabisa. Pima nafasi tupu zilizo kati ya miguu ya farasi, maana hapo ndipo kazi nyingi huharibika: farasi wawili wamegongana vifua na miguu ya mbele imenasana, na ukichora mguu mmoja mmoja utabaki na miguu isiyo na mwenyewe. Usihamie kwenye wino mpaka kila kwato ijulikane ni ya nani.

4. Nibu: mstari mnene upande wa kivuli, mwembamba au uliokatika upande wa mwanga. Mstari wa unene mmoja kuzunguka mwili wote huifanya misuli ionekane bapa.

5. Kwa vivuli, changanya wino na maji katika vikombe vitatu: 1 kwa 8, 1 kwa 4, 1 kwa 2. Anza na hafifu. Gusa karatasi kwa mgongo wa mkono. Ikiwa baridi, bado ina maji, subiri.

6. Nyeupe mwishoni, kidogo: mabega, mapaja ya farasi, kingo za silaha. Hapa Rubens aliacha kumtii aliyemtangulia, akaongeza mvutano wa misuli. Nawe ongeza, ila usihamishe mkao wa mtu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, naweza kupaka karatasi chai ya rangi badala ya rangi ya maji?
Jibu: Kwa mazoezi, sawa. Ila huacha mabaka, na rangi yake hubadilika ikikaa kwenye mwanga. Kazi ya kutunza, tumia rangi ya maji.

Swali: Rubens aliutumia mpangilio huu baadaye?
Jibu: Sana. Tazama picha yake ya uwindaji wa kiboko na mamba, ya miaka ya 1615–16, iliyoko makumbusho ya Alte Pinakothek mjini Munich. Fundo la farasi na watu ni lilelile, ila katikati pamekaa kiboko.

Swali: Nyeupe yangu imegeuka tope la kijivu. Nimekosea wapi?
Jibu: Ama wino wa chini ulikuwa haujakauka, dada, ama maji yalizidi kwenye guashi. Acha ikauke, ilowanishe kwa brashi safi yenye unyevu, ifyonze kwa kitambaa, kisha rudia na guashi nzito kama maziwa ya mgando. Ukisugua, utachubua karatasi.