Lisbon kwa siku moja: anzia Belém, fuata dhahabu ya Kilwa

Habari zenu wakuu. Mliouliza mtu mwenye siku moja tu Lisbon, mji mkuu wa Ureno, aanzie wapi, somo ni hili. Wengi watakupandisha kilimani asubuhi, kwenye ngome ya São Jorge na tramu namba 28. Mimi nasema geuza: asubuhi Belém, mtaa wa kando ya mto magharibi mwa mji, mchana makumbusho, kilima ukiachie jioni. Foleni za Belém hazina huruma ikishagonga saa tano. Tena mtu wa pwani yetu ana la kwake la kutazama, ambalo watalii wengine hulipita tu.

Hatua ya 1. Nunua kadi ya navegante kwenye mashine za stesheni yoyote ya metro, weka salio. Inatumika kwenye metro, tramu, basi na treni. Kila mtu awe na yake.

Hatua ya 2. Panda treni stesheni ya Cais do Sodré, ushuke Belém. Soma ubao kwanza, maana si kila treni husimama hapo. Tramu namba 15 nayo inafika, ila hujaa mpaka mlangoni.

Hatua ya 3. Nenda moja kwa moja monasteri ya Jerónimos, iliyoanza kujengwa mwaka 1501 kwa amri ya Mfalme Manuel I, kwa sehemu ya ushuru wa viungo na bidhaa za Afrika na India. Ua wa watawa unalipiwa. Kanisa kwa kawaida ni bure. Ukiingia kanisani, kushoto kuna kaburi la Vasco da Gama: sanamu yake imelala, mikono imekutanishwa kwa sala, na ubavuni imechongwa merikebu. Ndiye aliyetoka hapa Belém Julai 1497, na Aprili 1498 akatia nanga Mombasa, kisha Malindi. Kulia amelala mshairi Luís de Camões, aliyezitaja Mombasa, Malindi na Kilwa katika utenzi wake.

Ukitoka, pita duka la Pastéis de Belém, wanaooka vitobosha vya mayai (vikeki vidogo vyenye krimu ya mayai) tangu 1837. Kula vya moto, na mdalasini juu. Mnara wa Belém utazame kwa nje, inatosha.

Hatua ya 4. Hapa ndipo roho ya siku. Panda basi namba 714 kurudi mjini, ushuke mtaa wa Janelas Verdes, lilipo Jumba la Taifa la Sanaa za Kale. Ulizia *Custódia de Belém*. Ni chombo cha ibada cha dhahabu na enameli, kirefu kama sentimita 73, mitume kumi na wawili wamepiga magoti katikati yake. Inama usome kitako. Maandishi yanasema Mfalme Manuel aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya *Quiloa*, kikamalizika 1506. Quiloa ni Kilwa. Da Gama alifika pale 1502 na mizinga yake, akamlazimisha mtawala alipe. Dhahabu yenyewe Kilwa iliipata kwa biashara ya Sofala, bandari ya pwani ya Msumbiji. Nilisimama pale mpaka mlinzi akaanza kunitazama.

Hatua ya 5. Baixa, katikati ya mji, ipite kwa miguu. Mitaa imenyooka kwa sababu tetemeko la Novemba 1, 1755 liliangusha mji, ukapangwa upya. Kisha panda Alfama, mtaa wa kale wa kilimani, vichochoro vyake vimejikunja kama vya Mji Mkongwe, umalizie Senhora do Monte, mahali pa kutazamia mji, jua linapozama. Vaa viatu vyenye soli isiyoteleza. Mawe ya njia yanateleza hata bila mvua.

MASWALI

Swali: Kaka, nina saa nane za kuunganisha ndege. Naweza kutoka?
Jibu: Ukiwa na pasipoti ya Tanzania au Kenya, lazima uwe na viza ya Schengen. Ukiwa nayo, metro ipo uwanjani hapo hapo. Chagua hatua ya 3 na ya 4, mengine achana nayo.

Swali: Chakula halali je?
Jibu: Dada, nenda Martim Moniz, mtaa wa Benformoso. Wabangladeshi wamejaa, biriani ipo. Vitobosha ulizia mafuta kabla ya kula, maana maduka mengine hutumia ya nguruwe. Msikiti mkuu uko karibu na Praça de Espanha.

Swali: Mkuu, kwa hiyo tunalipa kiingilio kutazama dhahabu yetu wenyewe?
Jibu: Ndiyo, na inauma. Lakini wao wenyewe wameandika ilikotoka, kwa herufi zao. Mtu akikubishia, mpeleke akasome.

Swali: Nafika Jumatatu.
Jibu: Pole, siku hiyo monasteri na Jumba la Sanaa za Kale hufungwa. Siku nyingine pia angalia tovuti zao, ukarabati hauishi. Jumatatu panda feri Cais do Sodré kwenda Cacilhas, ng'ambo ya mto, kama dakika kumi, ule samaki wa kuchoma huku Lisbon yote iko mbele yako. Na kwenye tramu 28, simu mfuko wa mbele.