SOMO: Mama kijacho na safari ya ndege kutoka KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro)

Swali la kama mjamzito anaweza kupanda ndege linaulizwa humu karibu kila wiki. Naliandika mara moja; lisome lote kabla ya kuuliza.

1. Anza kliniki. Kama unatokwa damu, una presha ya mimba, kondo la nyuma limekaa chini au umepungukiwa sana damu, anayeamua ni daktari, si wakala wa tiketi.

2. Wakati mzuri ni wiki ya 14 hadi 28.

3. Hesabu ya wiki na barua ya daktari. Hapa nami niliwahi kukosea, kwa hiyo soma taratibu. Mashirika mengi yanadai barua kuanzia wiki ya 28, na hayachukui mimba ya mtoto mmoja ikishatimiza wiki 36, mapacha wiki 32. Masharti yanatofautiana, soma ya shirika lako kabla ya kulipa. Kosa ni kupiga hesabu ya kwenda na kusahau ya kurudi. Chukua tarehe ya matarajio ya kujifungua kwenye kadi, rudi nyuma siku 28: hapo umetimiza wiki 36. Rudi siku 84: wiki 28. Matarajio yakiwa 20 Novemba, barua inahitajika kuanzia 28 Agosti, na 23 Oktoba uwe umesharudi nyumbani. USIHESABU KWA MIEZI.

Barua iwe na jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, wiki za mimba, matarajio, mtoto mmoja au mapacha, kwamba unafaa kusafiri, tarehe, saini na muhuri. Mashirika mengine hayapokei barua iliyozidi siku 7 au 10. Ukikaa huko wiki tatu, utatafuta nyingine ya kurudia.

4. Kadi ya kliniki na dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi.

5. Chagua kiti cha kwenye njia. Mkanda upite chini ya tumbo, kwenye nyonga, na usiufungue ukiwa umekaa.

6. Safari ikizidi saa nne, vaa soksi za kubana za kufika magotini, tembea kila saa, kunywa maji. Maharage na soda acha tangu jana yake. Gesi tumboni hutanuka ndege ikipanda.

MASWALI

— Nina miezi saba, naruhusiwa?
Wiki ngapi? Hatua ya 3.

— Hewa ya juu haimpunguzii mtoto oksijeni?
Swali zuri, dada. Hewa ndani ya ndege kubwa ni kama ya mahali penye mwinuko wa mita 1,800 hadi 2,400. Arusha mjini tuko kama 1,400. Oksijeni ya mama hushuka kidogo, lakini hemoglobini (kibeba oksijeni cha damu) ya mtoto aliye tumboni huishika kwa nguvu kuliko ya mtu mzima. Mama mwenye damu ya kutosha hana tatizo. Ndiyo maana damu nimeitaja hatua ya 1.

— Shoga yangu alisafiri wiki ya 37, alivaa dera pana, hawakumgundua.
Uchungu ukianza angani hakuna chumba cha upasuaji wala damu ya kuongezewa. Kuficha mimba sifundishi.

— Na vile vindege vya Kisongo, uwanja mdogo wa Arusha, vya kwenda Serengeti?
Cessna Caravan haina mgandamizo wa hewa ndani, unavuta hewa ya mwinuko ule ule inaporuka. Joto la mchana huongeza mtikisiko, chagua ya asubuhi. Linalonitia wasiwasi zaidi ni huko unakoshukia: mbugani uko mbali na upasuaji. Mimba ikishakuwa kubwa, ahirisha.

— Basi la Moshi–Dar si salama zaidi?
Damu huganda miguuni kwa kukaa muda mrefu, na basini unakaa saa kumi hivi. Ndege ni kama saa moja na robo. Ukipanda basi, vaa soksi zile zile na ushuke kila linaposimama. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikibana, hospitali siku hiyo hiyo.

— Nyongeza: KIA ndege unaipanda kwa ngazi. Omba kiti cha magurudumu siku unayokata tiketi.
Asante mama. Na Dar mbu ni wengi kuliko huku kwetu, lala ndani ya chandarua chenye dawa na usiruke dozi ya SP (dawa ya kukinga malaria) ya kliniki.