SOMO: Utando mweupe wa chungwa na tezi dume ya mzee

Habari za jioni wakuu, nawasalimu kutoka Moshi. Mwezi huu wazee watatu wameniuliza swali lilelile: kwa nini tezi dume inakua uzeeni wakati mwili wote unasinyaa? Jibu lipo kwenye seli ambazo hatuzitaji kabisa, seli za tishu unganishi. Twende polepole.

Hatua ya 1. Chukulia chungwa ndilo tezi dume, kisha likate katikati. Vile vijifuko vya maji ndivyo tezi zenyewe, zinazotoa majimaji ya kuchanganyika na mbegu. Utando mweupe unaovishika ndio tishu unganishi: humo mna seli ziitwazo faibroblasti, zinazofuma nyuzi za protini ya kolajeni, zimechanganyika na misuli laini. Sasa pitisha njiti ya kiberiti kwenye kitovu cha chungwa. Huo ndio mrija wa mkojo.

Hatua ya 2. Fuata homoni. Testosteroni, homoni ya kiume, inaletwa na damu. Kimeng'enya (protini ya kuharakisha mabadiliko mwilini) cha kuigeuza kuwa DHT, homoni iliyo kali zaidi, kinakaa zaidi kwenye seli za ule utando. Seli hizo zikishapokea DHT, zinatoa vichocheo vinavyoziamuru tezi zikue. Kumbe utando haushikilii tu, unatoa amri!

Hatua ya 3. Ushahidi. Mwanasayansi Gerald Cunha na wenzake huko Marekani walichukua tishu unganishi changa ya kijusi cha panya, mahali tezi dume inapochipukia, wakaiunganisha na seli zinazofunika ukuta wa ndani wa kibofu cha mkojo cha panya mkubwa. Seli za kibofu zikageuka kuwa tezi dume. Mimi hapa huwa nasimama na kurudia kusoma, maana ni jambo kubwa mno.

Hatua ya 4. Rudi kwa mzee. Utando unaouzunguka mrija unaongezeka kuliko vijifuko, na misuli yake inakaza. Mkojo unatoka kwa kusuasua, usiku anaamka mara nne.

MASWALI

*Shikamoo mwalimu. Baba yuko Marangu, amepewa finasteridi, dawa ya tezi dume. Wiki ya tatu hii haoni nafuu, anataka kuacha.*

Marahaba. Mwambie mzee asiache, tafadhali. Dawa hiyo inazuia kile kimeng'enya cha hatua ya 2, na tezi husinyaa taratibu, miezi 6 hivi au zaidi. Dawa nyingine, tamsulosini, ndiyo inayoleta nafuu ndani ya siku chache, kwa sababu inalegeza misuli tu, haipunguzi tezi. Akienda kupima PSA (kipimo cha damu cha tezi dume), hospitali ya KCMC au kwingine, aseme anatumia finasteridi, kwani inashusha kipimo hicho kwa karibu nusu.

*Kaka, kukua huku ndiyo saratani?*

Hapana. Saratani mara nyingi huanzia upande wa nje wa tezi, mbali na mrija, ndiyo maana mtu anaweza kukojoa vizuri na bado anayo. Apimwe.

*Mwalimu, mimi ndiye ninayemsagia baba mkwe hizo finasteridi, hawezi kumeza. Nina mimba ya miezi mitatu.*

Dada yangu, acha leo hii, usishike tena unga wake. DHT hiyohiyo ndiyo inayounda uume wa mtoto tumboni. Mwachie mumeo kazi hiyo, na kesho kliniki mweleze nesi kila kitu, hata kama ulisaga mara moja tu.