Kivumbasi kikianza kuchanua, umechelewa

Mvua imenyesha Lamu na kivumbasi, ule mmea wa majani yenye harufu kali, kimejiotea hadi kando ya kuta. Wenye kukitaka, chumeni sasa, asubuhi kabla jua halijawa kali na kabla ya maua kufunguka. Fikicha jani moja viganjani: harufu ikikupanda puani mara moja, hilo ndilo. Likinuka majani tu, liache.

Kianikeni kivulini, kwenye ungo. Nyumbani tulikuwa tukikianika juani kwenye sakafu ya dari, kikauka upesi lakini kikabaki kama nyasi, harufu yote imekwenda.

Kwa mafua, tia konzi moja kwenye sufuria ya maji, funika, na ukishaiepua ndipo ujifunike shuka ujifukize. Mtoto mdogo msimwinamishe juu ya sufuria ya moto, tafadhalini. Na homa ikipanda, nendeni mkapime malaria. Mvuke hautibu malaria.

Jioni weka tawi bichi juu ya makaa kwenye kigae, moshi ufukuze mbu. Chandarua kibaki pale pale.

Wa arusi wanataka nduguye, mrehani. Kwenye kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia, asmini na mkadi hukaa vizuri, ila mrehani hunyauka upesi, kwa hiyo ufungieni kwenye kitambaa kibichi na muutie mwisho kabisa, bibi arusi akiwa keshavaa. Akigeuza shingo tu, chumba kizima kinanukia.