Mkanda wa presha umwenee: mwongozo kwa aliyezaliwa na kilo chache

Mimi ni fundi wa nguo, Majengo, na habari za figo nilizijulia kwenye mkanda. Si huu wangu wa kupimia viuno, ni ule wa presha. Mwanangu alizaliwa wiki ya 34, gramu 1,900. Alipofika miaka 13 nilimpeleka kliniki moja ana homa. Homa ilipotulia nesi akampima presha kwa mkanda wa mtu mzima, mkono wenyewe mwembamba kama mwiko. Ikasoma 110, akasema kijana yuko sawa. Mimi nilikuwa nautazama mkanda ulivyompwaya, umeumeza mkono toka kwapani hadi kwenye kiwiko. Nguo ikimpwaya mteja vile, pesa yake siipokei. Nikauliza, mdogo hamna? Ukatafutwa, ukatoka kwenye droo, na namba ikapanda: 126.

Nilikuwa na sababu ya kuuliza. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo sana, kwa wastani milioni moja hivi, ingawa kuna wenye laki mbili na ushei na kuna wenye milioni mbili. Hutengenezwa mtoto akiwa tumboni, zaidi ya nusu katika miezi mitatu ya mwisho, na kazi hiyo hufungwa karibu na wiki ya 36. Anayezaliwa kabla huendelea kuvitengeneza wiki chache tu, kisha basi. Kitambaa kimeshakatwa. Mwaka 1988 Barry Brenner, daktari wa figo wa Marekani, na wenzake walitoa hoja kwamba mwenye vichujio vichache huvitwika kazi nyingi, presha ikapanda, vikachakaa mapema, na vilivyobaki vikazidi kulemewa. Mwaka 2009 tafiti nyingi zilijumlishwa pamoja, ikaonekana waliozaliwa wadogo wana uwezekano wa ugonjwa sugu wa figo uliozidi wa wenzao kwa asilimia 70 hivi. Usishtuke: wengi wao huzeeka na figo zao nzima. Ila kujua ni bora.

Basi anza kwa kuitafuta namba. Cheti cha kuzaliwa hakitakusaidia. Fungua kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto. Chini ya gramu 2,500 ndiyo huhesabiwa uzani mdogo. Angalia pia wiki, kwa maana kuna mdogo aliyetoka mapema na kuna mdogo aliyetimiza miezi yake lakini hakukua vizuri tumboni, na wote wawili wanahusika. Kijitabu kikiwa kimepotea, au wewe mwenyewe ndiye unayejitafutia, kaa na mama au shangazi. Usimuulize kilo, hatazikumbuka. Muulize: nilikuwa wa miezi mingapi? Nilikuwa pacha? Niliwekwa kwenye mashine ya joto? Mimi shangazi yangu alinijibu, "Wewe ulikuwa ukienea kwenye ungo, na nafasi ikabaki." Nikayaandika hayo na kumpa daktari, na hakucheka.

Ya pili ni presha, na hapa sina haraka. Ndani ya ule mkanda mna mfuko wa hewa. Upana wake uwe kama asilimia 40 ya mzunguko wa mkono, na urefu wake uzunguke asilimia 80. Mkono wa sentimita 20, kwa hivyo, unataka mfuko wa upana wa 8 na urefu wa 16. Mzunguko huo upime katikati ya bega na kiwiko. Mkanda mkubwa huteremsha namba, mdogo huipandisha, yote mawili ni uongo. Mtoto aketi dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo zikanyage chini, mkono wa kulia uwe usawa wa moyo. Watoto wote hufaa kupimwa kila mwaka kuanzia miaka 3. Aliyezaliwa kabla ya wakati au mdogo sana, hata kabla ya hapo. Kuanzia miaka 13, iliyo sawa ni namba ya juu isiyofika 120 na ya chini isiyofika 80. Na usikubali mtoto aitwe mgonjwa wa presha kwa kipimo cha siku moja. Hurudiwa siku tatu tofauti. Wangu tulirudi mara mbili, ikawa 118, kisha 116. Hakupewa dawa.

Mkojo ni rahisi. Chukua wa asubuhi, wa kwanza, na uombe uangaliwe protini, ambayo figo iliyochakaa huivujisha. Usimpeleke ametoka kucheza mpira, mazoezi makali huweza kuileta protini kwa muda. Daktari akiona haja ataongeza kipimo cha damu cha kreatinini, taka ambayo figo huichuja. Usingoje maumivu ya kiuno. Figo huharibika kimya kimya.

Jikoni, adui ni chumvi. Mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kikijumuisha kila kitu, na mtoto hata kidogo kuliko hapo. Sasa hesabu achari, kachri na ng'onda, yule samaki mkavu wa chumvi! Ng'onda sikuiacha, siwezi. Nairoweka usiku kucha, maji namwaga, na mchuzi siutii chumvi tena. Viazi karai tunakula kwa ukwaju na pilipili.

Adui mwingine ni kumnenepesha. Mtoto mdogo akija nyumbani kila bibi ana uji wake. Maziwa ya mama pekee miezi sita yanatosha, na akikua asiachiwe unene, maana mwili mkubwa huzidi kuvitwika mzigo vichujio vilevile vichache. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki usimnunulie ovyo dukani, hasa akiwa anaharisha au anatapika.

Binti aliyezaliwa mdogo akishika mimba, aseme siku ya kwanza ya kliniki, kwa sababu uwezekano wa presha ya ujauzito kwake ni mkubwa zaidi. Alale ndani ya chandarua na ameze dawa za kukinga malaria anazopewa, kwani malaria ya mimba hupunguza uzani wa mtoto. Mdogo wangu mjamzito, pacha aliyezaliwa na gramu 2,000, ameandikiwa hivyo kwa kalamu nyekundu juu ya kijitabu chake. Kila akiingia wanamrukia na mashine ya presha kabla hajavuta pumzi za ngazi. Nimemwambia awaambie wangoje dakika tano.