Benchi kwanza: kupanga karakana ndogo nyumbani

Benchi langu la kwanza lilikuwa mlango wa zamani nilioulaza juu ya stendi mbili. Nilikuwa na randa nzuri aliyonipa mjomba, lakini kila nilipoisukuma, meza nzima ilisogea nayo. Nikatoa kisu cha randa, nikakinoa, nikakirudisha. Nikanoa tena. Ubao ukabaki na mawimbi yale yale. Siku mjomba alipokuja kunitazama hakuishika hata randa yenyewe. Aliegemeza nyonga kwenye pembe ya meza, akasukuma, akaangalia miguu inavyoyumba, kisha akaniambia, "Randa haina neno, mjomba. Kazi yako haina pa kuegemea."

Tangu siku hiyo mtu akiniuliza aanzie wapi, jibu langu ni moja: benchi kabla ya mashine yoyote. Chombo cha kawaida juu ya benchi tulivu kinatoa kazi safi. Chombo cha gharama juu ya meza inayotikisika kinakuchosha mabega bure.

Anza na sakafu. Karakana yangu ni chumba cha mita 3 kwa mita 2.4, na mwanzoni nilitamani benchi la mita 1.8. Kabla ya kununua ubao nilibandika utepe sakafuni kwa vipimo vya benchi nililolitaka, nikaishi na ule mchoro siku tatu. Nilifungua mlango, nikapita nimebeba ubao mrefu, nikachuchumaa kana kwamba naokota skrubu iliyodondoka. Siku ya pili tayari nilijua: mlango ungegonga kona ya benchi. Nikashuka hadi mita 1.5 kwa upana wa sentimita 60, na sijajuta. Mbele ya benchi acha angalau sentimita 90 za kusimama na kurudi nyuma hatua moja. Ukiwa mtu wa vyombo vya mkono kuliko mashine, liweke chini ya dirisha, limeegemea ukuta.

Sasa kimo. Hapa usinakili kipimo cha mtu mwingine, wala changu. Vaa viatu unavyofanyia kazi, simama wima, teremsha mikono ilegee, mwambie mtu apime kutoka sakafuni hadi kwenye mkunjo wa kiganja, pale mkono unapoishia na kiganja kinapoanza. Hicho ndicho kimo cha kupiga randa, kwa sababu unasukuma kwa uzito wa mwili na siyo kwa mikono peke yake. Changu ni sentimita 84. Lakini kazi ndogo ndogo, kama kuchonga nakshi, kulehemu nyaya au kufungua saa, zinataka uso ulio juu zaidi, karibu na kiwiko, la sivyo shingo na mgongo vitakudai jioni. Wengi hukata katikati, wakaishia na benchi lisilofaa kwa lolote. Mimi nililijenga la randa, kisha kwa vipande vilivyobaki nikatengeneza kasha imara la kimo cha sentimita 18 ninalolibana juu yake kwa klampu. Kazi ndogo ikija, kasha linapanda. Ikiisha, linarudi chini ya benchi.

Mbao ziwe nzito na ziwe kavu. Uzito ni rafiki yako hapa, hivyo usihangaike kutafuta mbao nyepesi. Ukavu ndio unaohitaji subira. Ubao mbichi husinyaa kwa upana wake, wakati kwa urefu haubadiliki karibu chochote, na tofauti hiyo ndiyo inayofungua viungo na kupinda uso. Zipange mbao zako zikiwa na vijiti katikati ili hewa ipite. Kata kipande kimoja kifupi, kiweke pamoja nazo, na kila wiki kipime kwenye mizani ya jikoni. Wiki kinapoacha kupungua uzito, mbao zimezoea hewa ya chumba chako. Zangu zilichukua wiki saba.

Miguu minne niliikata kwa sentimita 79 kutoka mbao za sentimita 9 kwa 9. Uso wa unene wa sentimita 5 ukakamilisha zile 84. Kila jozi ya miguu niliiunganisha kwa ulimi na tundu, yaani ncha iliyochongwa ya ubao mmoja inaingia ndani ya tundu la mwingine, ulimi ukiwa theluthi ya unene wa mguu, yaani sentimita 3, nikatia gundi. Hizo ndizo fremu mbili za pembeni. Mbao ndefu za mbele na nyuma sikuzitia gundi. Nilichimba kwenye mguu kitako cha kina cha sentimita 1 ili ubao ukae ndani yake, nikapitisha bolti za milimita 12 hadi ndani ya kichwa cha ubao, ambako nati inasubiri katika tundu lililochimbwa upande wa ndani. Faida ni mbili: benchi linafunguka likitaka kupita mlangoni, na mbao zikisinyaa unakaza bolti badala ya kuvunja gundi.

Kabla ya kukaza kabisa, pima ulalo. Yaani tepu ianze kwenye pembe ya juu kushoto iende pembe ya chini kulia, kisha kinyume chake. Vipimo viwili vikilingana, fremu ina pembe mraba. Vyangu vilitofautiana kwa milimita 8. Nilifunga kamba kwenye ule ulalo mrefu, nikaingiza kijiti katikati ya kamba iliyokunjwa mara mbili, nikaizungusha polepole kama anayekamua nguo. Kamba ilijikaza, fremu ikalia kidogo, tofauti ikawa 5, ikawa 2, ikaisha. Nikaacha kijiti pale pale nikakaza bolti zote, ndipo nikafungua kamba. Fremu haikurudi. Hii hatua usiiruke hata kama jua linazama.

Uso niliufunga kwa skrubu kutoka chini. Matundu ya upande wa mbele ni ya mviringo, lakini ya nyuma niliyafanya marefu kidogo, ili upana wa sentimita 60 uweze kutanuka na kusinyaa milimita kadhaa bila kupasuka. Kisha unasawazisha. Chukua vijiti viwili vilivyonyooka, vyenye upana sawa, kimoja kilaze kichwa hiki cha benchi na kingine kichwa kile. Inama hadi jicho lilingane na ukingo wa kijiti cha karibu, uangalie kile cha mbali. Pembe moja ikijitokeza juu ya nyingine, uso umejipinda, na pale palipoinuka ndipo pa kupiga randa. Pitisha randa kwa mshazari kwanza, kutoka pembe hadi pembe, rudia vijiti, piga tena. Mwishoni fuata nyuzi za mbao. Maranda yakianza kutoka marefu bila kukatika kutoka kichwa hadi kichwa, acha.

Usiupake vanishi inayong'aa, kazi itateleza. Mafuta ya kitani, ukiyapaka mara mbili, yanatosha. Ila naomba unisikilize vizuri juu ya vitambaa vya kupakia. Mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichofinyangwa kinalizuia joto hilo lisitoke, hadi kinaweza kuwaka chenyewe bila kiberiti wala cheche. Niliwahi kuacha kimoja ndani ya ndoo, nilipokigusa baadaye kilikuwa cha moto na harufu imebadilika. Sasa navitandaza nje kimoja kimoja hadi vikauke na kuwa vigumu, au navizamisha katika kopo la chuma lenye maji na mfuniko.

Chini ya benchi weka rafu, na rafu uipe mzigo. Mimi nimeweka magunia mawili ya mchanga. Huo ndio ulikuwa mwisho wa benchi kutembea.

Jiliwa, yaani kile chombo cha kubana kipande unachokifanyia kazi, linakaa mbele, upande wa kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia, karibu kabisa na mguu ili kishindo cha nyundo kishuke sakafuni moja kwa moja. Meno yake yavike vibao, na juu yasipite uso wa benchi. Toboa safu ya matundu ya milimita 20, kila sentimita 10, yakifuata mstari wa jiliwa, uchonge vigingi viwili vya mti mgumu. Kigingi kimoja mwisho wa ubao kinatosha kuuzuia wakati wa randa, bila kubana chochote.

Taa moja juu ya kichwa haitoshi, kwa kuwa mwili wako utaikinga na kuangusha kivuli pale pale unapokata. Weka mbili, moja kila upande, na ya tatu ya shingo inayopinda kwa kazi ndogo. Soketi ziwe juu ya benchi, usawa wa macho, siyo nyuma yake. Kama mashine yako inatumia ekstensheni ya kuzungusha, itandue yote kabla ya kuwasha, maana waya uliokunjwa hupata moto ukibeba mzigo mkubwa. Kuvuta laini mpya mwachie fundi umeme.

Vumbi nalichukulia kwa uzito wote. Tangu mwaka 1995 Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, IARC, umeliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Lile laini la msasa na msumeno wa umeme ndilo baya, kwani huelea hewani muda mrefu baada ya wewe kumaliza kazi. Fungua dirisha, vaa barakoa ya N95 au inayolingana nayo, fagia baada ya kunyunyiza maji kidogo au tumia mashine ya kufyonza. Vikinga masikio vining'inie kando ya swichi ili uvione kabla ya kuwasha.

Ukutani sina mengi. Vyombo vya kila siku viwe mahali mkono unapofika bila kupiga hatua, msumeno na patasi zikiwa na vikinga makali, vingine vikae droo. Usitengeneze vishikilio vya ukutani mwezi wa kwanza. Fanya kazi kwanza, utaona unanyoosha mkono wapi.

Kazi ya kwanza juu ya benchi jipya iwe kibao cha kukatia. Kata ubao wa sentimita 25 kwa 18, pigilia kijiti chini ya ukingo mmoja na kingine juu ya ukingo wa pili. Kijiti cha chini kinashika ukingo wa benchi, cha juu kinazuia kipande unachokikata. Cha juu kifanye kifupi upande wa kulia ili msumeno ukitoka uume kibao hiki, uso wako mpya ubaki mzima. Changu nimeshakibadilisha mara tatu, na benchi bado halina alama ya msumeno.